Keshia Akikosea Hesabu Mpakani, Fedha Iliyozidi ni ya Nani?

Kwenye madirisha mengi ya malipo mipakani limebandikwa tangazo la aina moja: hesabu fedha zako kabla ya kuondoka, malalamiko ya baadaye hayatapokelewa. Wengi wetu hulisoma tangazo hilo kwa namna inayotufaa. Keshia akitupunja tunarudi mbio na kudai haki. Akituzidishia tunapanda gari na kujiambia, si wameandika wenyewe kwamba ukishaondoka basi?

Tangazo lile ni utaratibu wa ofisi tu, halibadilishi mwenye mali. Kwa upande wa Tanzania, kifungu cha 72 cha Sheria ya Mikataba (Sura ya 345) kinamtaka mtu aliyelipwa fedha kimakosa azirudishe. Kenya nayo inafuata kanuni iliyorithiwa kutoka sheria za Uingereza, na jibu ni lilelile. Kwa hiyo laki moja iliyozidi ni deni, hata kama hukuomba wala hukumdanganya mtu.

Mpakani makosa haya ni mengi kuliko mjini, na sababu inaeleweka. Chukua Namanga, ambapo tangu Desemba 2018 kituo cha pamoja kimezinduliwa rasmi na taratibu za nchi mbili zinafanyika mahali pamoja. Fedha za pande zote mbili zinaitwa shilingi. Mteja anasema "elfu tano" bila kutaja nchi, na keshia naye hamuulizi. Tukichukua kiwango cha 20 kwa urahisi wa hesabu, elfu tano ya Kenya ni laki moja ya Tanzania. Neno moja lililoachwa limeshagharimu shilingi 95,000 za Tanzania. Hapo hatujaongeza foleni ya madereva wanaopiga honi nje na wakala wa forodha anayepitisha karatasi juu ya bega lako.

Tunduma na Nakonde walionja balaa hili kwa namna nyingine. Tarehe 1 Januari 2013 Zambia iliondoa sifuri tatu kwenye kwacha yake, na kwa miezi sita noti za zamani na mpya zilitumika kwa pamoja. Noti ya zamani ya 50,000 ikawa sawa na mpya ya 50. Mwandishi wa makala haya alinunua bidhaa Nakonde katika kipindi hicho. Chenji yangu ilikuwa 5,000 za zamani, yaani 5 mpya. Dada wa dukani akanipa noti mpya ya 50. Nilikuja kugundua usiku, nikiwa nyumba ya wageni Tunduma, na nakiri kwamba nilikaa na noti ile kitandani nikitafuta sababu ya kutorudi. Asubuhi nilirudi. Alikuwa ameshafidia kwa fedha yake mwenyewe. Alinishukuru sana, na kila nilipokwenda tena alikuwa akihesabu chenji mara mbili mbele ya macho yangu.

Jambo hilo la kufidia ndilo wateja wengi hawalijui. Tunadhani tumekula fedha ya benki, ya tajiri au ya serikali. Jioni keshia anafunga hesabu, droo inalinganishwa na risiti, na upungufu unaandikwa kwa jina lake. Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata mshahara wa mtu aliyekabidhiwa kupokea na kulipa fedha, pale upungufu unapotokana na uzembe au kukosa uaminifu. Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu makato ya hasara iliyotokana na kosa la mfanyakazi, ila kwa masharti: asikilizwe kwanza, na makato yasipite robo ya ujira wake. Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwenye maduka madogo na vituo vya mafuta mhudumu analipa yote siku hiyohiyo, au kesho haji kazini. Dereva aliyejaziwa dizeli ya laki nane akalipa laki saba na nusu kwa sababu mhudumu alisoma vibaya, ajue hiyo hamsini inatoka wapi.

Sasa, kurudisha nako kuna adabu yake. Mwone keshia mwenyewe na uzungumze kwa sauti ya chini. Kumtangazia mbele ya foleni kwamba amekosea ni kumvunjia heshima, na bosi wake anaweza kuwa amesimama nyuma. "Samahani dada, naona chenji yangu imezidi, hebu tuangalie pamoja" inatosha. Ukigundua baadaye, piga simu ikiwa risiti ina namba, taja saa na namba ya risiti, kisha peleka fedha. Usimwachie mlinzi wala kijana wa getini. Kama keshia yule hayupo zamu, mkabidhi msimamizi na uombe akuandikie kwamba amepokea, maana bila maandishi fedha inaweza kukosa kumfikia aliyekatwa.

Ukipunjwa, mambo ni tofauti kidogo. Usiondoe mguu dirishani. Hesabu pale pale, fedha zikiwa juu ya meza na macho ya wote wawili yakiziona, kwa sababu zikishaingia mfukoni hakuna awezaye kuthibitisha. Na usianze na neno "umeniibia". Keshia aliyeitwa mwizi anajitetea, hatafuti kosa. Mwombe ahesabu tena. Akikataa, omba msimamizi afunge droo na kuilinganisha na risiti. Ikiwa kweli umepunjwa, ziada itaonekana humo.

Kuna kipimo kimoja cha wahasibu wa zamani ambacho kila mwenye biashara angekijua. Gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika bila baki, mara nyingi tarakimu zimebadilishana nafasi au sifuri imeongezwa. Mtu aliyeandika 54,000 badala ya 45,000 ana tofauti ya 9,000. Aliyeandika 500,000 badala ya 50,000 ana tofauti ya 450,000. Zote zinagawanyika. Kipimo hiki kimemaliza ugomvi mwingi, kwa kuwa kinaonyesha kosa la kidole kabla watu hawajafika kwenye tuhuma za wizi.

Tahadhari mbili kabla hatujamaliza. Ya kwanza ni kwa wale wanaobadilisha fedha barabarani. Wapo wanaosema "nimekuzidishia, nipe nihesabu tena", kisha bunda linarudi likiwa jembamba. Huyo hajakosea. Hesabu mkononi mwako huku akiona, mpe ile iliyozidi tu, wala usimrudishie bunda zima. Afadhali zaidi uende kwenye duka la kubadilishia fedha lenye leseni, ambako utapata risiti.

Ya pili ni fedha za simu. Mtu akikupigia akisema amekutumia kimakosa na umrudishie haraka, usiangalie ujumbe peke yake, kwa sababu ujumbe unaweza kughushiwa. Angalia salio lako kwenye menyu. Ikiwa fedha imeingia kweli, usiitoe wala kuituma kwa namba nyingine unayotajiwa, mwambie aombe kampuni ya simu irudishe muamala. Kenya mtumaji wa M-Pesa hupeleka ujumbe wa muamala kwenye 456. Tanzania apige huduma kwa wateja ya mtandao wake. Na ikiwa ni wakala uliyemwacha dakika kumi zilizopita, aliyeongeza sifuri moja kwa haraka, geuza pikipiki urudi kwake.