Marubani wa kompyuta: Idadi yao ni ipi?

IDADI ya wapenzi wa kurusha ndege kwa kompyuta hutegemea kinachohesabiwa. Mwaka 2022, kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitangaza kuwa mchezo wake wa Flight Simulator, uliotolewa upya mwaka 2020, umevutia wachezaji zaidi ya milioni 10. Hata hivyo, takwimu hiyo humjumuisha hata aliyeujaribu mara moja tu.

Kwa upande mwingine, katika VATSIM, mtandao ulioanzishwa mwaka 2001 wenye waongoza ndege wa kujitolea, wanaoruka kwa wakati mmoja huhesabiwa kwa maelfu tu. Wanaoruka peke yao hawamo.

Tofauti hiyo si ndogo: anayeunda ndege za ziada za kuwauzia wachezaji, akitegemea mamilioni, huenda akapata hasara.