Manda, Kiwanja cha Ndege Kinachofuata Maji

Mtu akikwambia kuwa amepanda ndege mpaka Lamu, hajakwambia safari yote. Ndege haifiki Lamu. Hutua Manda, kisiwa kilicho ng'ambo ya pili ya mlango wa bahari, na abiria, awe waziri au hamali, hana budi kuteremka hadi gatini, aingie motaboti na kuvuka ndipo akanyage Amu. Wageni huona jambo hilo kuwa ni starehe, wakatoa kamera zao. Sisi wenyeji twaliona kwa jicho jingine, maana huko baharini ndiko safari nyingi zilikoharibikia.

Manda yenyewe si mahali pa jana. Mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliyeanza kuchimba huko mwaka 1966, aliukuta mji wa wafanyabiashara wa tangu karne ya 9. Mwaka 2013 wachimbaji wengine waliokota huko sarafu ya Kichina ya zama za mfalme Yongle, aliyetawala tangu 1403 hadi 1424. Upande mwingine wa kisiwa uko Takwa, wenye msikiti na kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 wa Hijria, yaani miaka ya 1680. Watu wa Takwa wakahama baadaye, na wazee husimulia kwamba maji ya visima yaliwageukia, wakavuka wakakaa Shela. Mpaka leo watu wa Shela hulizuru kaburi hilo na kumuomba Mwenyezi Mungu mvua. Basi kisiwa kilichokimbiwa kwa kiu ndicho leo mlango wa wanaokuja kwa hewa.

Zamani abiria wakingoja chini ya banda la makuti. Leo pana barabara ya lami ya kutulia ndege na jengo la abiria, na ndege huja kutoka Nairobi, hasa kile kiwanja cha Wilson, na kutoka pwani ya kusini. Nyingi ni za mapanga, na mizigo hupimwa kilo kwa kilo, hata mtu akajuta kwa makopo ya halua aliyopewa apeleke. Manahodha waliokaa gatini hawana haja ya kutazama saa. Wakisikia mngurumo juu ya mikoko huinuka, wakaanza kuteka maji yaliyoingia chomboni.

Nilipokuwa kijana nikidhani ndege ni kitu cha watalii. Kwa hesabu ya viti huenda ndivyo ilivyo, na nauli yake humfanya mtu wa kawaida ashike basi la Mokowe. Lakini tazama ni nani hupanda akiwa na dharura. Ni aliyepigiwa simu kwamba babake amefariki Amu, naye yuko Nairobi, na maiti wetu hangojeshwi. Ni mgonjwa aliyeandikiwa kwenda hospitali kubwa. Na katika Mfungo Sita, wakati wa Maulidi ya Riyadha, hupanda hata wale ambao mwaka mzima hawakuweka senti.

Umuhimu huo ulionekana zaidi njia ya nchi kavu ilipokuwa ya hofu. Baada ya mauaji ya Mpeketoni ya Juni 2014, mabasi yalikwenda kwa msafara wa askari, na aliyekuwa na uwezo akakimbilia Manda. Ila Manda nayo ilikuwa imeonja msiba, kwani Oktoba 2011 mwanamke wa Kifaransa alitekwa nyara nyumbani kwake kisiwani humo, watalii wakakatika, na manahodha wakawa hawana wa kumvusha. Hapa nitoe utata mmoja. Kiwanja kilichoshambuliwa tarehe 5 Januari 2020, kinachoitwa Manda Bay, si hiki. Kile ni cha kijeshi, nacho kiko bara. Hata hivyo siku ile simu yangu haikunyamaza, kila jamaa akiuliza kama Amu iko salama.

Sasa nirudi kwenye maji. Anayetoka Faza, Siyu au Pate kuja kupanda ndege hupita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara. Mkanda hupitika maji yakijaa. Yakitoka, chombo hukaa juu ya tope au huzunguka nje kwenye mawimbi ya kusi. Ratiba ya ndege hutengenezwa Nairobi, na haiyajui bamvua wala maji mafu.

Nilimkuta gatini Manda bibi mmoja wa Faza, amekaa juu ya furushi lake, ndege imekwisha ruka. Bintiye alikuwa amelazwa Nairobi akingoja kupasuliwa. Walikuwa wamekwama Mkanda saa mbili nzima.

"Shikamoo, bibi. Hukuweza kuja jana ukalala Amu?" nikamwuliza.

"Marahaba, mwanangu. Kulala Amu ni pesa, na pesa zote nimezitia kwenye tikiti. Ningelala kwa nani?"

Nahodha aliyesikia akamwambia aingie chomboni, atampeleka kwa mkewe hadi ndege ya kesho, na nauli asitaje. Bibi akaomba kwanza aonyeshwe kibla.

Mpango wa LAPSSET, uliozinduliwa Machi 2012, unataja kiwanja cha kimataifa cha ndege Lamu. Gati la kwanza la bandari lilifunguliwa Mei 2021 huko bara, na kiwanja hicho bado ni maneno ya karatasini. Mimi sina ugomvi nacho. Ninachotaka ni kidogo, nacho chaweza kufanywa mwaka huu: ubao gatini Faza na Pate wenye saa za ndege na saa za maji pamoja, na chombo kimoja cha wagonjwa, chenye mafuta tayari, kinachoondoka wakati Mkanda ungali umejaa.