Kabla ya kupasua kuni, chunga mguu

Mwezi wa nane, mbele mvua ya Msimu A ianze, kazi ya shoka inakuwa mingi kwetu Kivu. Tunakata mikaratusi, tunapasua kuni, tunatafuta miti ya kujengea. Ni wakati huo vijana wengi wanashika shoka mara ya kwanza.

Katika kutembelea makoperative, tulikutana na kijana aliyejikata kwenye muundi. Wenzake walipokuwa wanapanda maharagwe, yeye alikuwa amekaa nyumbani, na mama yake analima sehemu ya watu wawili. Tukamuuliza nani alimufundisha. Akajibu: "Hakuna mtu. Walinipa tu shoka, wakasema piga."

Ndugu wanamemba, shoka nayo inafundishwa.

Mpini kwanza. Kwenye shoka ya mfua chuma wetu, chuma inapita ndani ya tundu la mpini na inajikaza kila unapopiga. Hatari yake ni mpini kupasuka pale kwenye tundu. Kwenye shoka ya dukani, mpini ndio unaingia ndani ya chuma, na kabari inaushikilia. Kabari ikilegea, chuma inaruka. Wengi wanaitia shoka kwenye maji ili mti uvimbe. Leo itashika, lakini mti ukikauka italegea tena. Weka kabari mpya ao badilisha mpini.

Noa. Mwenye kuanza anaogopa shoka kali. Lakini ile butu ndiyo inateleza juu ya mti na kurudi kwenye mguu, tena inakulazimisha kupiga kwa nguvu nyingi.

Simama vizuri. Watoto na wenzako wakae mbali. Ondoa matawi na kamba zinazoweza kukamata shoka. Weka kuni juu ya gogo pana na fupi, upande ulio mbali na wewe: ukikosa, shoka itapiga gogo. Panua miguu, na shoka ianguke katikati mbele yako, isianguke kwa pembeni. Iache uzito wake ufanye kazi. Ukikata matawi ya mti ulioanguka, simama ng'ambo ya shina, ili shina likae kati ya shoka na miguu yako. Ukichoka, pumzika.

Kashoka nako kanakata. Juu mpini wake ni mfupi, ukikosa kanafika haraka kwenye goti. Piga magoti karibu na gogo. Usishike kuni kwa vidole pale unapopiga. Ishikilie na kijiti.

Vaa boti. Haizuii shoka, lakini ni bora kuliko sandale. Ukimaliza, usirushie mwenzako shoka. Ichomeke kwenye gogo, aje aichukue mwenyewe.

Mtu akijikata, kandamiza kidonda kwa kitambaa safi bila kuachilia, inua mguu, mupeleke kituo cha afya. Usiweke majivu, udongo wala majani. Hata kama kidonda ni kidogo, uliza kuhusu chanjo ya pepopunda.

Tunaomba kila koperative ichague mzee mmoja anayejua shoka vizuri. Awape vijana asubuhi moja, na gogo moja, mbele ya kuingia kwenye miti. Asubuhi hiyo moja haiwezi kulingana na msimu mzima wa kukaa na mguu uliofungwa.