Kinamasi, Tingatinga na Ardhioevu: Nafasi ya Kiswahili katika Elimu ya Umma Kuhusu Hifadhi ya Maji

Utangulizi

Tarehe 2 Februari kila mwaka huadhimishwa kuwa Siku ya Ardhioevu Duniani. Siku hiyo hukumbusha mkataba uliotiwa saini mwaka 1971 katika mji wa Ramsar, nchini Iran, kando ya Bahari ya Kaspi. Kenya ilijiunga na mkataba huo mwaka 1990, na kufikia mwaka 2012 ilikuwa imeorodhesha maeneo sita chini yake: maziwa ya Nakuru, Naivasha, Bogoria, Baringo na Elmenteita, pamoja na Delta ya Mto Tana. Hotuba husomwa, miti hupandwa, na magazeti huandika. Hata hivyo, lugha rasmi za mkataba wenyewe ni Kiingereza, Kifaransa na Kihispania, na sehemu kubwa ya yale ambayo mwananchi wa Afrika Mashariki huelezwa kuhusu maji yake huwa yamefikiriwa kwanza katika mojawapo ya lugha hizo.

Makala haya yanashikilia kwamba elimu ya umma kuhusu ardhioevu haikwami kwa uhaba wa maarifa ya kisayansi. Hukwama kwa sababu maarifa hayo humfikia mwananchi yakiwa yamevikwa istilahi asizozifahamu, ilhali maneno anayoyafahamu yamekwisha kuihukumu ardhi hiyo kuwa haina faida. Kinamasi cha Yala, kilichoko magharibi mwa Kenya, kinatumiwa hapa kuwa mfano wa kuonyesha jinsi suala la lugha linavyoweza kuwa suala la riziki.

Maana ya ardhioevu

Mkataba wa Ramsar unaifafanua ardhioevu kwa upana mkubwa. Ni eneo lolote la majimaji, liwe la asili au la kutengenezwa na binadamu, liwe la kudumu au la msimu. Maji yake yawe yametuama au yanatiririka, yawe baridi, ya chumvichumvi au ya chumvi. Hata bahari imo, mahali ambapo kina hakizidi mita sita maji yanapokupwa. Kwa fasili hii, mikoko ya Lamu ni ardhioevu. Majaruba ya mpunga ya Mwea ni ardhioevu. Ziwa Naivasha ni ardhioevu. Na Kinamasi cha Yala, kadhalika, ni ardhioevu.

Kiswahili hakikuwa na neno moja la kubeba upana huo. Kilikuwa na maneno ya mahali mahususi: kinamasi, bwawa, dimbwi, tingatinga, mkoko, jaruba. Ndiyo sababu wanaistilahi waliunganisha "ardhi" na "oevu" wakapata jina la jumla. Kazi hiyo ilistahili kufanywa, na neno lenyewe limeundwa vizuri. Tatizo ni kwamba jina la jumla halina picha akilini mwa mtu asiyelizoea. Anayesikia "kinamasi" huona mafunjo, tope na ndege. Anayesikia "ardhioevu" kwa mara ya kwanza haoni kitu. Elimu inayoanza na neno la pili bila kupitia kwa lile la kwanza huwa imempoteza msikilizaji katika sentensi ya mwanzo.

Kinamasi cha Yala na kazi zake

Kinamasi cha Yala kiko kaskazini-mashariki mwa Ziwa Viktoria, katika kaunti za Siaya na Busia, pale mito Yala na Nzoia inapokaribia ziwa. Eneo lake hukadiriwa kuwa hekta 17,500, na huhesabiwa kuwa kinamasi kikubwa zaidi cha maji baridi nchini Kenya. Ndani yake mna maziwa madogo, likiwemo Ziwa Kanyaboli. Mmea unaotawala ni mafunjo, ambayo wenyeji huyakata kwa ajili ya mikeka, vikapu na mapaa ya nyumba.

Kazi ya kwanza ya kinamasi hiki ni kuyatuliza maji. Mito hushuka kutoka nyanda za juu ikiwa na kasi, na hubeba udongo pamoja na mbolea iliyosombwa mashambani. Inapoingia kwenye mafunjo hupunguza mwendo. Udongo huzama, na mizizi hunyonya naitrojeni na fosforasi. Mahali ambapo kichujio hiki kimeondolewa, virutubishi hivyo huingia ziwani moja kwa moja na kulisha gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limekuwa likizifunga fuo na kuzuia mashua za wavuvi. Nchini Uganda, Kinamasi cha Nakivubo hupokea majitaka ya Kampala kabla hayajafika Ghuba ya Murchison, ghuba ambamo jiji hilohilo huteka maji ya matumizi. Kukiharibu kinamasi hicho ni sawa na kukivunja chujio huku mtu angali anakunywa.

Kazi ya pili ni kuwahifadhi viumbe. Sangara, anayeitwa mbuta upande wa Kenya, alipotiwa katika Ziwa Viktoria katika miaka ya 1950 na 1960, aina nyingi za samaki wa asili zilitoweka au zikawa adimu. Sangara huhitaji maji yenye oksijeni ya kutosha. Katikati ya mafunjo oksijeni ni haba, kwa hiyo hawezi kuwafuata samaki wadogo humo. Kamongo, ambaye huvuta hewa, huishi huko bila taabu. Ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo kikuu kabla ya ujio wa sangara, alipata hifadhi katika Ziwa Kanyaboli. Miongoni mwa mafunjo hayo pia huishi nzohe, swala mwenye kwato ndefu zinazomwezesha kutembea juu ya tope, pamoja na ndege wasiopatikana nje ya mafunjo.

Kazi ya tatu huonekana wakati wa mafuriko. Nyanda za Bunyala, zilizo kando ya Mto Nzoia, zimefurika mara kwa mara, na watu wa Budalang'i wanajua maana ya kuhama usiku wakiwa wamebeba watoto. Kinamasi si kinga kamili dhidi ya janga hilo, lakini ni mahali ambapo maji hutandaa bila kubomoa nyumba. Panapojengwa au kuinuliwa tuta, maji hayapotei. Hutafuta njia nyingine, na mara nyingi njia hiyo hupita kwa jirani.

Msamiati unaohukumu

Kama kazi hizi zinajulikana, kwa nini kinamasi kinadharauliwa? Sehemu ya jibu imo katika maneno. "Kinamasi" hutumiwa pia kwa uteute na kitu chochote kinachonata na kuteleza. "Dimbwi" hutumiwa kwa umaskini na kwa dhiki: mtu huzama katika dimbwi la madeni au dimbwi la mawazo. Ni nadra sana mtu kuambiwa kwamba amezama katika dimbwi la heri. Lugha ya mipango ya maendeleo nayo huliita zoezi la kukausha kinamasi "ukombozi wa ardhi", kana kwamba ardhi ilikuwa imetekwa na maji ikisubiri kuokolewa.

Mfano ulio wazi zaidi ni neno "tingatinga". Katika kamusi, neno hili lina maana ya ardhi yenye majimaji na tope. Lina pia maana ya mtambo mzito wa kulimia na kusawazishia ardhi. Katika mazungumzo ya leo maana ya pili imeifunika ya kwanza, kiasi kwamba wanafunzi wengi wa Kiswahili hawajawahi kulisikia neno hilo likitajwa kwa kinamasi. Mtambo umelichukua jina la mahali, na huko Yala mtambo umelichukua pia eneo lenyewe. Kati ya miaka ya 1960 na 1970 hekta zipatazo 2,300 zilikaushwa kwa ajili ya kilimo. Mwaka 2003 kampuni moja kutoka Marekani iliafikiana na mabaraza ya serikali za mitaa ya Siaya na Bondo kukodishiwa hekta 6,900 kwa muda wa miaka 25. Kampuni hiyo iliondoka kabla ya muda huo kwisha, na nyingine ikaingia kulima.

Haki inadai isemwe kwamba mashamba hayo yalileta kazi na mpunga, na kwamba wapo wenyeji walioyakaribisha. Wapo pia waliopoteza malisho, mafunjo na njia za kuendea maji. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Anayeweza kulipima onyo hilo, hata hivyo, ni yule anayeijua thamani ya mbacha wake.

Kuna pia hukumu ya ugonjwa. Vinamasi hushutumiwa kuwa makao ya mbu wa malaria, na sababu hiyo hutolewa mara nyingi pale panapotakiwa kukaushwa. Lakini mbu wakuu wa malaria hupendelea kuzaana katika vidimbwi vidogo vilivyo wazi na vinavyopigwa na jua, si katika kivuli kizito cha mafunjo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 kutoka nyanda za juu za kusini-magharibi mwa Uganda ulionyesha kwamba vijiji vilivyopakana na vinamasi vilivyolimwa vilikuwa na joto zaidi kuliko vile vilivyopakana na vinamasi vya asili, na kwamba joto hilo lilihusiana na wingi wa mbu nyumbani. Anayefyeka mafunjo ili amwepuke mbu huenda akawa anamtandikia kitanda.

Tangazo na msomaji wake

Sheria haijamsahau mwananchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 69, inalitaka dola lihimize ushiriki wa umma katika kusimamia na kuhifadhi mazingira. Kifungu cha 7 kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kanuni za mwaka 2003 kuhusu tathmini ya athari za miradi kwa mazingira zilitaka tangazo lichapishwe gazetini kwa wiki mbili mfululizo, litangazwe redioni kwa lugha rasmi na za wenyeji, na mikutano isiyopungua mitatu ifanywe na watakaoathiriwa. Mnamo 2009 zikatolewa kanuni mahususi kuhusu ardhioevu, kingo za mito na fuo.

Kimaandishi, basi, mlango uko wazi. Lakini kutangaza kwa lugha fulani si sawa na kueleweka katika lugha hiyo. Tazama sentensi hii, iliyotungwa kwa mtindo wa ripoti za aina hiyo: "Ardhioevu hutoa huduma za kimfumo-ikolojia zikiwemo udhibiti wa kihaidrolojia na uondoaji wa virutubishi." Ni Kiswahili, na kila neno lina utetezi wake. Sasa tazama hii: "Kinamasi huyapokea maji ya mto yakiwa na kasi na uchafu, huyatuliza, hulishusha tope, mafunjo huinyonya mbolea iliyotoka mashambani, kisha ziwa hupata maji safi zaidi." Sentensi ya pili ni ndefu kuliko ya kwanza, lakini mvuvi anaweza kuijadili, kuiunga mkono au kuipinga. Tofauti kubwa iko katika vitenzi. Ya kwanza imezifungia kazi zote ndani ya nomino. Ya pili imezirudisha katika vitenzi, na msikilizaji anaona nani anafanya nini.

Wajibu wa wanafunzi wa Kiswahili

Hapa ndipo vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina kazi ya kufanya. Kwanza, ripoti za tathmini huwa na muhtasari. Muhtasari huo unaweza kutafsiriwa kwa Kiswahili cha vitenzi na kusomwa katika baraza la chifu kabla ya uamuzi, si baada yake. Pili, majina ya wenyeji yasiogopwe. Ngege, kamongo na mbuta yamekwisha kuvuka mipaka ya Kidholuo na kuingia sokoni. Kiswahili hukua kwa kuyapokea maneno kama hayo. Tatu, neno "ardhioevu" lifundishwe kutoka kwa kinachojulikana: lianze na kinamasi cha kijijini, lifike kwenye mikoko na majaruba, ndipo upana wake uonekane. Nne, elimu isiwe ya kusifu tu. Mwananchi aelezwe faida za shamba na hasara zake, aachiwe kupima.

Kazi hii ina upana wa kikanda. Ziwa Viktoria ni la Kenya, Uganda na Tanzania kwa pamoja, na mito inayoliingia inatoka pia Rwanda na Burundi. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki uliotiwa saini mwaka 1999 ulikitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana ya Jumuiya. Maji ya eneo hili hayatambui mipaka. Lugha inayoweza kuyafuata yanakokwenda ipo tayari.

Hitimisho

Kinamasi kinaweza kukaushwa kwa miezi michache, nacho huchukua miaka mingi kurudi, kama kitarudi. Kati ya tangazo la kukikausha na mtambo wa kwanza kuingia, huwa pana muda mfupi ambamo wenyeji wanaweza kusema neno. Iwapo watalisema wakielewa, au watanyamaza kwa kuwa hawakuelewa, hutegemea kwa kiasi kikubwa jinsi tangazo hilo lilivyoandikwa. Mwanafunzi wa Kiswahili hawezi kulizuia tingatinga kwa mikono yake. Anaweza, hata hivyo, kuhakikisha kwamba anayeishi kando ya kinamasi anajua, kwa lugha yake, ni kitu gani kinachokuja kuondolewa.