Karakana Nyumbani kwa Fundi: Mambo ya Kupanga Kabla ya Tofali la Kwanza



Kila mwaka vijana wa Mbeya na Iringa wanahitimu mafunzo katika vyuo vya VETA, vyuo vya maendeleo ya wananchi na vyuo vya ufundi vya makanisa. Wengi wanarudi nyumbani na cheti. Baadhi yao wanapewa pia sanduku la vifaa: randa, misumeno, patasi, cherehani au mashine ya kuchomelea. Zawadi hiyo ni njema, lakini bado ni nusu ya msaada. Katika nyanda zetu mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Fundi anayefanya kazi chini ya mti hupoteza siku nyingi katika miezi hiyo. Vifaa vinashika kutu, mbao zinapinda, wateja wanahamia kwingine, na mwisho randa inauzwa ili kulipa deni. Hapo fedha ya mfadhili imepotea bila mtu yeyote kuiba.

Makala hii inaeleza namna ya kupanga na kujenga karakana ndogo uani, kwa faida ya mafundi wenyewe, kamati za parokia na wale wanaochangia.

1. Karatasi kabla ya msingi

Swali la kwanza ni hili: uwanja huu ni wa nani? Vijana wengi hujenga kwenye kiwanja cha baba au babu kwa makubaliano ya mdomo. Siku mzee akifariki, ndugu wanagawana kiwanja, na karakana inageuka chanzo cha ugomvi. Kwa hiyo makubaliano yaandikwe, yasainiwe na mwenye kiwanja mbele ya mama na ndugu wakubwa, na yashuhudiwe na mtendaji wa kijiji au mtaa. Vijijini, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaruhusu familia kupata hati ya hakimiliki ya kimila, na inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Binti aliyesomea ushonaji au useremala asiachwe nyuma katika jambo hili.

Mjini, kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri. Ikiwa kazi ina kelele au moshi, kama kuchomelea au kutengeneza magari, mwone kwanza afisa mipango miji, kwa sababu kiwanja cha makazi kina masharti yake. Zungumza pia na majirani mapema. Jirani aliyeombwa ushauri ni vigumu kuwa mlalamikaji.

2. Ukubwa unatokana na kazi

Kamati nyingi huanza kwa kuuliza, "Tuna shilingi ngapi?" Anzeni na swali jingine: "Fundi huyu atafanya kazi gani, na kitu chake kirefu kuliko vyote kina urefu gani?" Seremala anatumia mbao ambazo kwa kawaida zina urefu wa futi 12, yaani karibu mita 3.7. Anahitaji kuzigeuza bila kugonga ukuta, hivyo chumba cha mita 4 kwa 6 kinamtosha. Akiwa na mashine ya kupasua, aielekeze mlangoni ili ubao mrefu utokee nje. Mshonaji mmoja anatoshwa na mita 3 kwa 3 zenye mwanga mzuri. Mchomeleaji anahitaji stoo ndogo ya kufunga kwa kufuli, pamoja na baraza pana lenye paa lakini lisilo na kuta, ili moshi utoke.

Kabla ya kuchimba, piga vigingi na kamba juu ya ardhi kwa vipimo kamili. Weka meza halisi ndani ya kamba, ingia na ubao begani, geuka. Zoezi hili halina gharama, na linaonyesha kasoro ambazo mchoro hauonyeshi.

Si lazima kuanza na kikubwa. Kituo cha Neema Crafts mjini Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2003 chini ya Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana, kilianza na vijana watatu viziwi waliotengeneza karatasi kwa kinyesi cha tembo. Baadaye kikawa mahali pa kazi kwa watu wengi wenye ulemavu. Kituo hicho kinatukumbusha pia kwamba mlango uwe mpana na usiwe na ngazi, ili fundi au mteja mwenye kiti cha magurudumu aweze kuingia.

3. Kuchagua mahali uani

Chagua sehemu iliyoinuka. Ikiwa kiwanja kina mteremko, chimba mfereji upande wa juu ili maji yapite pembeni, na sakafu iwe juu ya uwanja kwa sentimita 30 hivi. Kaa mbali na jiko la kuni, kwa sababu vumbi la mbao, rangi na tina hushika moto haraka. Acha njia ya gari au mkokoteni kufika mlangoni.

Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Kwa njia hiyo jua la asubuhi na la jioni halimpigi fundi machoni. Madirisha ya kaskazini yataingiza jua katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, wakati jua linapopita upande huo.

4. Msingi, kuta na paa

Udongo wetu haufanani. Mjini Iringa na kandokando yake mawe ya msingi hayako mbali. Katika bonde la Usangu kuna udongo mweusi wa mbuga, unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Hapo msingi uchimbwe hadi kupita udongo huo, au ushauri wa mhandisi wa halmashauri utafutwe.

Kwa karakana ya mita 4 kwa 6 yenye kuta za mita 2.7, ukiondoa mlango mpana na madirisha mawili, kuta zina takriban mita za mraba 45. Matofali ya saruji ya inchi 6 huhitajika karibu 10 kwa kila mita ya mraba, pamoja na yatakayovunjika. Kwa hiyo hesabu ni matofali 450. Hesabu hii inasaidia kamati kuona kama makisio ya fundi ni ya kweli. Panapotumika matofali ya kuchoma, ulizeni kuni zinatoka wapi. Haifai kujenga karakana moja na kumaliza msitu wa kijiji.

Juu ya madirisha, lenta yenye nondo izunguke kuta zote nne bila kukatika. Mbeya na Rungwe ziko katika Bonde la Ufa, na matetemeko ya ardhi hutokea. Mkanda huo ndio unaoshika kuta pamoja.

Mbao za kenchi zinapatikana kwa wingi Mafinga, karibu na msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Zinunuliwe mapema na zikaushwe kivulini, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite, kwani mbao mbichi hupinda ikiwa tayari juu ya paa. Zitiwe dawa ya mchwa. Bati moja au mawili yawe ya kupitisha mwanga. Paa litokeze nje ya kuta kwa sentimita 60.

Paa la namna hiyo linafunika karibu mita za mraba 37. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Mahali penye mvua ya milimita 900 kwa mwaka, hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea, paa linakusanya zaidi ya lita 26,000. Mfereji wa bati na simtanki vitampunguzia mama wa nyumba safari nyingi za kisimani.

5. Umeme, moto na moshi

Mashine ya kuchomelea isichomekwe kwenye soketi ya sebuleni. Iwe na laini yake, waya mnene, swichi kuu na waya wa ardhini. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Ndoo mbili za mchanga mkavu zikae mlangoni daima.

Tahadhari kubwa zaidi ni ya baridi. Usiwashe jiko la mkaa ndani ya karakana iliyofungwa, wala jenereta, wala kuacha injini ya gari ikinguruma ndani. Hewa yake yenye sumu haina harufu wala rangi, na huua mtu akiwa hajatambua lolote. Kila ukuta mrefu uwe na matundu ya hewa yasiyozibwa.

6. Fedha zifike lini?

Hapa tunaomba wafadhili wetu watusikilize. Michango mingi hutolewa wakati wa Krismasi na kufika Desemba au Januari, katikati ya mvua. Kamati inayobanwa na tarehe ya ripoti huchimba msingi kwenye tope na kupandisha kuta zisizokauka. Kalenda inayofaa ni hii:

Januari hadi Aprili: makubaliano ya kiwanja, kibali, vipimo, kununua na kukausha mbao.
Mei na Juni: kufyatua matofali, kuchimba na kujenga msingi.
Julai na Agosti: kuta na lenta.
Septemba na Oktoba: paa, milango, nondo za madirisha, umeme.

Mfadhili akikubali kwamba miezi minne ya kwanza haitakuwa na picha ya ukuta, jengo litadumu.

7. Wajibu wa kamati

Fedha zitolewe kwa hatua: msingi, lenta, paa. Kabla ya kila hatua, wajumbe wawili wakague na kusaini. Bei zitafutwe kwa wauzaji watatu. Fundi na familia yake wachangie mchanga, mawe au nguvu, na mchango huo uandikwe, maana mali bila daftari huisha bila habari. Sanduku la vifaa likabidhiwe siku paa litakapokamilika na mlango kupata kufuli.

Kamati zinazofikiria kujenga mwaka ujao zianze sasa na jambo lisilohitaji fedha: kukaa na familia ya fundi, kuuliza kiwanja ni cha nani, na kupiga vigingi.