Pikapu Mpya ya Mkataba Inapozima Njiani: Usisimamishe Marejesho Kwanza

Leo tuweke pembeni kantangaze na ratiba za kupiga dawa, tuongelee gari. Vijana kadhaa wa nyanya na vitunguu ninaowahudumia wamechukua pikapu mpya kupitia kampuni za karadha, na simu ninazopigiwa siku hizi si za mbegu tu. Swali linalojirudia ni hili: "Afisa, gari ni jipya, halina hata miezi mitatu, linazima njiani na mzigo. Nisimamishe marejesho mpaka walitengeneze?"

Jibu fupi: usisimamishe. Sababu yake inahitaji maelezo kidogo, na ukiielewa utajua pia nani wa kumbana.

Gari ni la nani?

Mtaani tunasema "gari la mkopo", lakini karadha siyo mkopo hasa. Kwenye mkopo benki inakupa hela, unanunua gari, linakuwa lako na benki inalishikilia kama dhamana. Kwenye karadha wewe unachagua gari na unachagua muuzaji, kampuni inalinunua kwa hela yake na kwa jina lake, halafu inakukodisha kwa muda mliokubaliana. Ukimaliza kulipa ndipo umiliki unahamia kwako kwa utaratibu ulioandikwa kwenye mkataba. Tanzania ina sheria yake kwa shughuli hii, ilitungwa mwaka 2008.

Kwa hiyo hapo kuna mikataba miwili. Mmoja ni wa kampuni na muuzaji, ule wa kununua gari. Wa pili ni wa kampuni na wewe, ule wa kukodi. Ubovu wa gari unakaa kwenye mkataba wa kwanza, marejesho yako yanakaa kwenye wa pili. Ukisimamisha marejesho kwa hasira za gari, unakuwa umegombana na muuzaji halafu ukamnyima hela mtu mwingine kabisa. Na mikataba mingi ya aina hii inasema wazi kwamba ukishalipokea gari, malipo yanaendelea hata kama gari limesimama. Ukiruka miezi miwili mitatu kampuni inakuja kuchukua gari lake, advansi yako inaweza kwenda na maji, na muuzaji aliyekuuzia tatizo anabaki amekaa kwenye kiti chake anakunywa chai.

Najua inasikika kama uonevu. Lakini wewe ndiye uliyechagua gari. Kampuni inajua hela, haijui injini. Ndiyo maana mfumo wa karadha unampa mkodishaji kitu kingine badala yake: wajibu wa muuzaji juu ya ubora wa gari unakufikia na wewe, kana kwamba ulikuwa mmoja wa waliosaini ule mkataba wa kununua. Unaweza kumdai matengenezo moja kwa moja. Usichoweza ni kuuvunja mkataba wa ununuzi peke yako, ukarudisha gari yadi na kuacha funguo mezani. Kulirudisha kunahitaji kampuni ikubali. Kabla ya kusaini, omba jambo hili liandikwe kwenye mkataba wako pamoja na sentensi inayosema waranti ya mtengenezaji ni yako kuitumia. Kampuni nzuri haitakataa.

Muuzaji anawajibika kwa nini

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inaweka masharti ambayo yapo hata kama hayakuandikwa popote. Mfanyabiashara anayeuza bidhaa za aina fulani anatakiwa auze kitu chenye ubora unaokubalika kibiashara. Na kama mnunuzi alimweleza kazi ya kitu hicho akategemea ujuzi wake, kitu kinatakiwa kifae kwa kazi hiyo. Mkataba wenye maandishi madogo unaweza kujaribu kuyaondoa masharti haya, kwa hiyo soma. Waranti ya miaka au kilomita kadhaa ni nyongeza, haifuti haki hizi.

Hapo kwenye "alimweleza kazi" naomba msimame kidogo. Vijana wengi wanaingia yadi, wanaangalia rangi na redio, wanasaini. Mwandikie muuzaji ujumbe kabla ya kununua: nitabeba nyanya kiasi cha tani fulani, barabara ya vumbi kilomita kadhaa, kisha lami yenye milima, mara mbili kwa wiki. Akikujibu kwamba hii pikapu inaweza, tunza jibu. Siku ya ugomvi huo ujumbe una thamani kuliko kelele zote.

Halafu kuna karatasi ya kupokea gari. Ile unayosaini huku wanakupiga picha na funguo. Ndiyo inayoanzisha wajibu wako wa kulipa, na kisheria mnunuzi akikaa na bidhaa muda wa kutosha bila kusema anaikataa, anahesabiwa ameikubali. Nenda na fundi wako. Endesheni nusu saa, muingie na kwenye rafu. Kasoro yoyote iandikwe juu ya karatasi ileile kabla hujasaini, na kama hukupewa nafasi ya kujaribu na mzigo, andika hivyohivyo: "sijalijaribu na mzigo". Watanuna. Waache wanune.

Tatizo linalokuja na kuondoka

Kijana mmoja wa nyanya kule Ilula, wilaya ya Kilolo, pikapu yake ilikuwa inazima yenyewe. Taa ya injini inawaka, nguvu zinaisha, inazima. Akisubiri dakika ishirini inawaka kama hakuna kilichotokea. Alikuwa ameipeleka gereji ya muuzaji mara tatu. Kila mara ilifika pale inanguruma vizuri, wanaiosha, wanamwambia gari liko safi. Mara ya nne ilimzimia akishuka Kitonga akiwa na mzigo wa kwenda Dar.

Tuelewane hapa, maana haya si mambo ya hela peke yake. Injini ikizima gari likiwa kwenye mwendo, msaada wa breki unaisha baada ya kukanyaga mara chache na usukani unakuwa mzito. Kwenye mteremko kama ule, nyuma yako kuna semi treila. Gari linalozima lenyewe usilipakie mzigo, hata kama soko limepanda. Kodi Fuso, changieni na mwenzako, tuma kwa gari la abiria, lakini hilo liache nyumbani.

Ugonjwa wa kuja na kuondoka unathibitishwa kwa kumbukumbu, kwa sababu ukifika gereji hauonekani. Kila likizima piga video fupi inayoonyesha dashibodi, kilomita, taa zilizowaka na mahali ulipo. Andika kwenye daftari: tarehe, saa, kilomita, mzigo, ulikuwa unapanda au unashuka. Gereji wakichomeka kompyuta, omba karatasi ya makosa yaliyosomwa kabla hawajayafuta. Wakishafuta, ushahidi umeondoka, na kuna mafundi wanaofuta kwanza ndipo wanakuita. Usiondoke bila jobu kadi iliyoandika malalamiko yako kwa maneno yako. "Sevisi ya kawaida" siyo lalamiko lako, wakiandika hivyo waambie warekebishe.

Muuzaji ana majibu matatu ambayo karibu kila mmoja anayatoa. La kwanza ni mafuta machafu. Jaza kituo kimoja, tunza risiti za EFD, na wakidai dizeli ina maji waambie watoe sampuli ukiwa unaangalia. La pili ni kuzidisha mzigo, na hapa baadhi yetu hatuna pa kujitetea. Pikapu ya tani moja ukiiwekea magunia kumi na mawili ya lumbesa, ukashindilia na vijana wawili juu, umempa muuzaji zawadi. Soma uzito kwenye kitabu cha gari, na kumbuka abiria nao wanahesabiwa. La tatu ni fundi wa nje. Muda wote wa waranti usiruhusu fundi wa mtaani afungue pampu wala nozo, hata akiwa mjomba wako. Sevisi fanya kwa kilomita zilizopangwa, na kitabu kigongwe muhuri.

Wengine hukimbilia bima. Bima kubwa inalipa ajali, wizi, moto. Injini kuharibika yenyewe haimo.

Hasara ya nyanya zilizooza

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inaruhusu kudai fidia ya hasara iliyotokana moja kwa moja na kuvunjwa kwa mkataba, au ambayo pande zote zilijua ingeweza kutokea. Unaona kwa nini ule ujumbe wa "nitabeba nyanya" una kazi? Bila huo, muuzaji atasema hakujua kama gari ni la biashara. Kifungu hichohicho kinaangalia pia njia ulizokuwa nazo za kupunguza hasara. Ukiacha matenga yaoze siku mbili pembeni ya barabara wakati kuna Fuso za kukodi, usitegemee kulipwa yote. Kodi, chukua risiti, dai gharama ya kukodi.

Pa kupeleka malalamiko

Anza na muuzaji kwa maandishi, nakala kwa kampuni ya karadha. Hili la nakala wengi wanaliruka. Kampuni ndiyo mwenye gari, gari likiharibika mali yake inashuka thamani, na muuzaji anaiogopa kuliko anavyokuogopa wewe kwa sababu inamletea wateja. Omba pia kwa maandishi wakusogezee tarehe za marejesho wakati gari liko gereji. Hawalazimiki, lakini kuna wanaokubali wakiona unalipa vizuri. Kama kampuni yenyewe ndiyo inakuzungusha kwenye mambo ya malipo, ukimaliza ngazi zake za ndani unaweza kwenda Benki Kuu, inayosimamia kampuni hizi.

Kwa upande wa muuzaji ipo Tume ya Ushindani, FCC, chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayolinda walaji. Kuna kona moja ya kuiangalia. Sheria ile inapomtaja mlaji inamwacha nje mtu anayenunua kitu ili akitumie kuzalisha bidhaa za kuuza. Je, pikapu ya mkulima inazalisha au inasafirisha tu? Wakili wa muuzaji atasema inazalisha. Mimi naona kusafirisha nyanya zilizokwishavunwa si kuzalisha, ila mimi ni bwana shamba, si hakimu. Peleka lalamiko lako hata hivyo, hasa la usalama au la kudanganywa kwenye matangazo, lakini usilifanye kuwa silaha yako pekee. Sura ya 214 na Sura ya 345 hazikuulizi kama wewe ni mlaji au mfanyabiashara. Kwa mahakamani tafuta wakili, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, hao wapo hata wilayani.

Yule kijana wa Ilula hakuruka rejesho hata moja. Alienda na video tano na daftari, barua akaipeleka pande zote mbili siku moja. Gereji walikaa na gari siku kumi na moja, wakabadilisha pampu ya dizeli na nyaya zake bila malipo, na kampuni ikamsogezea rejesho la mwezi mmoja. Hela ya Fuso alizokodi bado anaidai.

Barua yenyewe haina ufundi. Iwe hivi:

"Tarehe … nilipokea pikapu yenye namba ya chesisi … Tangu hapo imezima yenyewe mara … kwa tarehe na kilomita zilizoorodheshwa hapa chini. Imeletwa gereji yenu mara … bila kupona. Sijaikubali ikiwa katika hali hii. Naomba ndani ya siku 14 mtengeneze kasoro hii bila malipo na kunipa ripoti ya maandishi, la sivyo nitaiomba kampuni mwenye gari tudai libadilishwe au fedha zirudishwe. Nadai pia gharama za usafiri mbadala, risiti zimeambatishwa."

Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, urudi nayo nyumbani. Wakikataa kugonga, itume kwa EMS ya Posta utunze risiti, halafu piga picha ya barua uwatumie na kwa WhatsApp ili tarehe ionekane.