USIBUNI MVUA

Mkulima wa Kinangop, je, umesoma kipima-mvua leo? Katika baridi ya Juni hadi Agosti wengi huyadharau manyunyu. Lakini milimita 1 tu ni lita 4,000 hivi juu ya eka moja! Basi kila siku saa tatu asubuhi pima, uandike papo hapo. Pasipo mvua, andika 0. Siku usiyosoma, iache wazi. Kesho yake pima maji ya siku mbili pamoja, ueleze hivyo. Nimepata kuona kadi ya mwezi mzima iliyojazwa kwa siku moja (msidhani hatutambui!), na hesabu ya vituo vyote ikapotoka. Tena, ukikuta umande umeganda juu ya majani ya viazi, andika tarehe, hata kama chombo ni kikavu.